Tukope milioni 250 tujenge kiwanda cha chakula cha samaki?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa sato wa vizimba wilayani Sengerema. Tuna vizimba 12. Mzunguko uliopita tuliweka vifaranga 66,000 wa gramu mbili, tulionunua kwa shilingi 200 kila mmoja. Tukalisha mifuko 2,280 ya kilo 20, kila mfuko shilingi 60,000. Tukavuna tani 24, wastani wa samaki gramu 450. Wote tuliwauza palepale mwaloni, samaki wanaposhushwa, kwa mnunuzi mmoja, shilingi 7,000 kwa kilo, wakati mlaji wa Mwanza mjini ananunua kwa 10,000. Kwa mwaka tunavuna kama mzunguko mmoja na nusu. Kampuni kubwa zina vifaranga wao, zina chakula chao, zinauza zenyewe, ndiyo maana zinatuzidi. Tumeahidiwa mkopo wa milioni 250 wa miaka mitano wa kununua ekstruda, mashine ya kutengeneza punje za chakula zinazoelea. Wengine kikundini wanataka hatchari kwanza, yaani kituo cha kuzalisha vifaranga. Tuanze na kipi?

Jibu: Ndugu Katibu, nakushukuru kwa kuniletea hesabu. Barua nyingi ninazopokea juu ya ufugaji wa samaki zina matumaini mengi na tarakimu chache, na kwa barua kama hizo mtu hawezi kushauri kitu cha maana. Yako inajibika. Nitasema mapema ninachoona: msichukue mkopo huo kwa ajili ya ekstruda, na hatchari nayo isubiri. Lakini mmeona sawasawa kwamba kampuni zinazoshika hatua nyingi za kazi zina nguvu ambayo ninyi hamna. Tatizo ni kwamba mnaitafuta nguvu hiyo mahali ambapo haipo.

Tuanze na hali yenu ilivyo. Mifuko 2,280 ni tani 45.6 za chakula, shilingi milioni 136.8. Vifaranga ni milioni 13.2. Mauzo ya tani 24 kwa 7,000 ni milioni 168. Ukitoa chakula na vifaranga, inabaki milioni 18 ya kulipa walinzi, mafuta ya boti, matengenezo ya nyavu na deni la vizimba vyenyewe, kwa kazi ya miezi minane. Watu wakiona hesabu hiyo, ni kawaida kabisa macho yote yaende kwenye chakula. Kati ya kila shilingi 100 mnayouza, 81 zinaliwa na mfuko wa chakula. Naelewa kwa nini wanachama wanasema: tukitengeneza wenyewe, tumepona.

Sasa tuupime mkopo. Kwa mwaka, kwa mzunguko mmoja na nusu, mnatumia tani 68.4 za chakula, zenye thamani ya shilingi milioni 205.2. Tuseme kiwanda chenu kinapunguza gharama kwa asilimia 15, na hiyo ni kusema kwa ukarimu kwa kiwanda kidogo kinachonunua soya na dagaa kwa rejareja. Mtaokoa kama milioni 30.8 kwa mwaka. Marejesho ya mkopo, bila hata riba, ni milioni 50 kwa mwaka. Bado hatujamlipa fundi, bado umeme, bado vipuri. Kila mwaka mtakuwa mnachukua fedha ya samaki kuilipia mashine.

Na mashine yenyewe itakuwa imelala. Ekstruda ndogo ya kilo 200 kwa saa, ikifanya kazi saa nane, inatoa tani 1.6 kwa siku. Tani zenu 68.4 itazimaliza kwa siku 43. Siku nyingine zaidi ya 300 za mwaka itakaa inangoja, huku deni halingoji.

Najua jibu ambalo wanachama watatoa: tutawauzia majirani. Hilo linawezekana, lakini hapo mtakuwa mmeanzisha biashara nyingine yenye wateja wake, mikopo yake na lawama zake. Jirani atataka apewe chakula leo alipe akivuna. Samaki wake wakidumaa, atasema ni chakula chenu, na mara nyingine atakuwa na haki. Kutengeneza punje inayoelea, isiyovunjika, yenye protini ileile mfuko baada ya mfuko, ni ufundi wa watu wanaofanya kazi hiyo tu. Soya lazima ipikwe vizuri, kwa kuwa mbichi ina viini vinavyomzuia samaki kumeng'enya protini. Mahindi, pumba na mashudu lazima yapimwe sumukuvu. Dagaa ndio wagumu kuliko vyote. Bei yao inapanda na kushuka na mwezi: giza likiingia wavuvi wanapata, mbalamwezi ikitoka soko linakauka. Kisha nenda soko la Mwaloni, Kirumba, uchukue konzi moja ya dagaa waliokaushwa chini, uwatie kwenye ndoo ya maji, uwakoroge kwa mkono, uache dakika chache. Ukimimina maji utaona mchanga umekaa chini ya ndoo. Mchanga huo unauziwa kwa kilo kwa bei ya protini, na ukiingia kwenye ekstruda unasaga chuma chake. Kiwanda kikubwa kinalipa zaidi kupata dagaa wa chanja, na kina maabara ya kuona majivu mengi, dalili ya mchanga, kabla ya gari kushusha mzigo. Kikundi cha vizimba 12 hakina uwezo huo, na hakiupati kwa kununua mashine.

Kampuni kubwa zenyewe hazikuanzia hapo. Mowi ya Norway, ambayo zamani iliitwa Marine Harvest, ndiyo mfugaji mkubwa wa salmoni kuliko wote duniani. Iliungwa kwa ukubwa wake wa sasa mwaka 2006, na kiwanda chake cha kwanza cha chakula huko Bjugn kilianza kazi mwaka 2014. Kwa miaka hiyo yote kati, kampuni yenye samaki wengi kuliko yeyote duniani ilinunua chakula kwa wengine. Ilijenga pale ilipokuwa na uhakika kwamba samaki wake wenyewe wanakula chote kitakachotoka. Karibu na kwetu, Yalelo ya Zambia inafuga sato katika Ziwa Kariba, pale Siavonga. Mwaka 2017 kampuni ya chakula ya Aller Aqua, yenye asili ya Denmark, ilifungua kiwanda Siavonga hapohapo. Tonge lilipokuwa kubwa vya kutosha, mtengeneza chakula alilifuata. Yalelo nguvu zake nyingi ilizipeleka upande wa mauzo, ikafungua maduka yake katika miji ya Zambia, samaki wa barafu wakauzwa na wenyewe.

Victory Farms ya Kenya, iliyoanza mwaka 2015 kaunti ya Homa Bay, ziwa hilihili letu la Victoria, ni mfano unaonifundisha zaidi. Wana hatchari nchi kavu, wana vizimba ziwani. Lakini kilichowatofautisha na wafugaji wengine wa ukanda ule ni vituo vya baridi walivyoweka ndani ya mitaa ya watu, ambako mama anayekaanga samaki anafika asubuhi na beseni lake, ananunua kiasi anachoweza kuuza siku hiyo, na kesho anarudi. Mwaka 2023 wawekezaji waliwapa dola milioni 35. Nchini Kenya sato wa kugandishwa kutoka China wamejaa sokoni kwa miaka mingi na bei yao ni ya chini. Mama yule angeweza kununua wale. Anachofuata kituoni ni samaki mbichi, wa saizi anayoijua, aliye pale kila siku.

Hapa ndipo ninapotaka kikundi kisimame kidogo. Ukiwatazama wakubwa kutoka mbali unaona mali: majengo, mashine, malori. Ukiwakaribia unaona ratiba. Vifaranga wanatoka kwa mpangilio wa wiki, kwa sababu vizimba vinavunwa kwa mpangilio wa wiki, kwa sababu mteja wa mwisho anakula kila siku. Mali zile zipo ili ratiba isikatike. Ninyi mliweka vifaranga 66,000 kwa pamoja, mkavuna tani 24 kwa pamoja, na siku ya kuvuna mkawa na mlima wa samaki unaoharibika kwa saa, mbele ya mtu mmoja mwenye lori na barafu. Mnunuzi huyo hana haja ya kuwadhulumu. Akikaa kimya tu, bei inashuka yenyewe.

Mwanauchumi Ronald Coase aliuliza mwaka 1937 kwa nini kampuni zipo kabisa, ikiwa kila kitu kinaweza kununuliwa sokoni. Jibu lake lilikuwa kwamba kununua nako kuna gharama: kutafuta, kupatana, kuhakikisha, kugombana. Kazi inahamia ndani ya kampuni pale gharama hizo zinapozidi gharama ya kuifanya mwenyewe. Mimi kwa mfugaji huligeuza kuwa maswali mawili. Je, hatua hii kuna anayeweza kuniuzia kwa uhakika? Na je, wingi wangu unakijaza chombo cha kuifanyia? Chakula: wapo wanaouza, na wingi wenu haujazi hata robo ya mashine ndogo. Hatchari: wapo wanaouza, ingawa si wote wanaoaminika. Kuuza: hapa hamna mtu wa kuaminika hata mmoja, mna mnunuzi mmoja asiye na mkataba, na chombo mnachohitaji ni masanduku, barafu na watu watano. Mmeona jibu linakoelekea.

Basi tuzungumze mauzo. Mna vizimba 12, na kwa mwaka mnavuna mara moja na nusu kwa kila kizimba, yaani mavuno 18 ya tani mbili mbili. Mkiyapanga yasigongane, mnavuna kizimba kimoja kila baada ya siku 20. Tani mbili kwa siku 20 ni kilo 100 kwa siku. Kilo 100 si mlima tena. Ni mzigo wa wauzaji watano wenye vibanda vyao, au wauzaji watatu na hoteli mbili. Kizimba hakilazimiki kuvunwa kwa siku moja: mnaweza kukitoa kidogo kidogo, wakubwa kwanza, na walio chini yao wakapata nafasi wakakua. Mkimaliza cha kwanza, cha pili kimeiva.

Kati ya 7,000 ya mwaloni na 10,000 ya mlaji kuna shilingi 3,000. Msijidanganye kwamba yote ni yenu. Muuzaji wa kibanda lazima abaki na kitu, tuseme 1,200, la sivyo atawaacha mara tu apatapo mwingine. Barafu na usafiri tuweke 500. Samaki watakaolegea au kushushwa bei, 300. Inabaki 1,000 kwa kilo. Mkianza kwa kuuza nusu ya mavuno hivi, tani 18 kwa mwaka, ni milioni 18 za ziada, na nusu nyingine endeleeni kumuuzia mnunuzi wenu wa sasa. Msimfukuze. Mtaona atakavyobadilika akijua hamlazimiki kwake. Bei ya mwaloni ikipanda shilingi 300 tu kwa zile tani 18 zake, mmepata milioni 5.4 bila kutoka nyumbani.

Mna bahati ambayo wafugaji wa Sengerema hawakuwa nayo miaka michache iliyopita. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, gari lenye samaki lilipanga foleni ya kivuko huku barafu ikiyeyuka, na mtu hakuweza kumwahidi mteja wa mjini saa ya kufika. Sasa linavuka kwa dakika. Ahadi ya saa kumi na mbili asubuhi inawezekana, na kwa mama wa kibanda ahadi ya saa ni kubwa kuliko punguzo la bei.

Lakini samaki lazima afike akiwa samaki. Acheni kulisha kizimba kinachovunwa kuanzia siku moja kabla, utumbo uwe mtupu, maana chakula kilichomo tumboni ndicho kinachoanza kuoza. Vuneni alfajiri. Kila samaki aingie kwenye pipa lenye maji na barafu nyingi mara atokapo wavuni, asikae juani kwenye sakafu ya boti hata dakika kumi. Kisha sandukuni, safu ya barafu, safu ya samaki, uzito kwa uzito: kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Watu huiona barafu kuwa nyingi mno na kuipunguza ili samaki zaidi waingie. Mteja atafunua shavu, ataona matamvua yamekuwa kahawia badala ya mekundu, na sababu yenu ya kudai bei bora itakuwa imekwisha. Mwanza ina viwanda vya kusindika sangara, kwa hiyo barafu si kitu cha kutafuta mbali. Anzeni kwa kununua, msinunue mashine ya barafu.

Hatua ya pili ya kushika ni vifaranga, ila si kuwazalisha. Ni kuwalea.

Mmeweka 66,000. Tani 24 kwa gramu 450 ni samaki 53,300 hivi. Wamepotea 12,700, karibu mmoja katika kila watano. Kifaranga wa gramu mbili akitupwa moja kwa moja kwenye kizimba cha ziwa anapambana na mawimbi, nyavu zenye matundu makubwa, ndege na wenzake wakubwa. Wanaokufa mapema wanawagharimu shilingi 200 tu. Wanaokufa katikati wamekula miezi mitatu ya chakula na hawalipi chochote, na hao ndio wanaoharibu hesabu yenu. Wekeni kizimba kimoja kiwe cha kulea, chenye vyandarua vidogo vya matundu madogo ndani yake, au kodini bwawa la jirani. Mleeni kifaranga hapo hadi gramu 20 au 30, mkiwatenga wakubwa na wadogo, ndipo aingie kizimba cha kukuzia. Anakaa humo muda mfupi zaidi, kizimba kinawahi kuwa wazi, na mnaingiza idadi mnayoijua kwa kuhesabu, si kwa kukisia kutoka mfuko wa oksijeni. Tena angalieni jinsi hili linavyolingana na mauzo: kizimba kimoja kila siku 20 kinahitaji vifaranga 5,500 kila siku 20, na sehemu ya kulelea ndiyo inayowawezesha kuwa nao tayari hata muuzaji akichelewa wiki mbili.

Kwa nini nisiwashauri hatchari kamili? Kwa sababu mbegu ya sato ni kazi ya kizazi na kizazi. Sato bora wa Asia anayeitwa GIFT alianzishwa Ufilipino mwaka 1988, kwa kukusanya samaki wa Misri, Ghana, Kenya na Senegal pamoja na mbegu zilizokuwa zikifugwa Asia, kisha kuchagua wazazi bora kila kizazi kwa kumbukumbu kamili. Ninaumia kila ninaposoma habari hiyo, kwamba samaki ni wa kwetu na faida ya kuchagua ikapatikana kwingine. Lakini somo lake ni wazi: ukiwa na wazazi mia mbili au mia tatu katika bwawa, bila kumbukumbu ya nani ni mtoto wa nani, baada ya vizazi vichache unazalisha ndugu kwa ndugu na ukuaji unashuka pole pole bila kelele. Mtalaumu chakula.

Badala yake mbaneni muuzaji wa vifaranga. Mnataka madume, kwa kuwa jike anakua polepole. Ndani ya kizimba mayai huponyoka kwenye wavu, kwa hiyo hamtaona vifaranga wadogo wakizagaa kama bwawani, na ndiyo maana wafugaji wengi wa vizimba hawagundui kwamba wameuziwa mchanganyiko. Wanaona tu saizi mbili siku ya kuvuna. Kutoka kila mzigo chukueni samaki 100 wakifikia gramu 30, muwageuze, mtazame tundu la uzazi moja moja. Wakizidi majike watano, andikeni, na mzigo ujao uwe na punguzo lililoandikwa kwenye mkataba. Maofisa ugani wa uvuvi na walimu wa chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi wanaweza kuwafundisha vijana wenu kutofautisha jinsia kwa asubuhi moja.

Nirudi kwenye chakula, kwa maana sikusema kiachwe. Nimesema msikitengeneze. Mmelisha kilo 1.9 kupata kilo moja ya samaki. Kwa sato wa vizimba, kwa chakula kizuri kinachoelea, 1.6 inafikiwa. Kwa tani 36 kwa mwaka, tofauti hiyo ni tani 10.8 za chakula, yaani shilingi milioni 32.4. Ni zaidi ya kile kiwanda kingewaokolea, na haihitaji mkopo. Sehemu ya fedha hiyo itatoka kwenye vifo vitakavyopungua kwa kulea. Iliyobaki iko mkononi mwa kijana anayelisha.

Nendeni mkamtazame. Je, anamwaga kopo kwa kasi ili amalize vizimba vyote aende zake? Anapaswa kutupa kidogo, kusubiri punje ziishe juu ya maji, kutupa tena, na kusimama pale samaki wanapoanza kupunguza kasi, hata kama kopo halijaisha. Asilishe alfajiri: usiku mzima maji yamekuwa yakipoteza oksijeni, na samaki aliyeshiba anahitaji hewa zaidi. Jua likishapanda, saa tatu au nne asubuhi, ni salama zaidi. Kila baada ya wiki mbili pimeni samaki 50 kutoka kila kizimba na mbadilishe kiasi cha chakula kwa uzito mpya. Daftari la kila kizimba likae kwa katibu, siyo kwa mlishaji. Na mlishaji alipwe nyongeza kulingana na uwiano wa chakula kwa samaki siku ya kuvuna. Kikundi kinachompa posho ndogo mtu anayeshika shilingi milioni 136.8 mkononi kwa mzunguko kinajiumiza chenyewe.

Upande wa kununua, unganeni na vikundi jirani muagize lori zima moja kwa moja kutoka kiwandani au kwa mwagizaji, mkiwa na sharti la tarehe ya kutengenezwa. Hiyo ni faida ya ukubwa bila kumiliki ukubwa.

Kuna hatari moja ya kumiliki kila hatua ambayo haizungumzwi vya kutosha. Novemba 2022, upande wa Kenya wa ziwa letu, maji yenye oksijeni kidogo yaliua samaki wengi sana wa vizimba katika muda mfupi. Mfugaji wa vizimba pekee alipoteza samaki. Mwenye hatchari, kiwanda na malori, vyote vikitegemea vizimba vilevile, angepoteza samaki na palepale angekuwa na mashine isiyo na wa kumlisha, vifaranga wasio na pa kuingia na madereva wasio na mzigo, na marejesho ya benki mwisho wa mwezi. Kampuni yenye mtaji mzito inavumilia. Kikundi chenye deni la milioni 250 hakivumilii. Kama mna fedha ya kutumia mwaka huu, kifaa cha kupimia oksijeni na vizimba kuwekwa kwenye kina na mkondo wa kutosha ni bima bora kuliko jengo lolote.

Kuhusu benki: ahadi mliyopata msiitupe, ombeni ibadilishwe. Nendeni na mpango mdogo, wa masanduku ya baridi, vyandarua vya kulelea, kipima oksijeni na mtaji wa kununulia chakula cha jumla, mkionesha hesabu hizi. Ofisa wa mikopo anayeona 1.9 ikishuka hadi 1.6 kwenye madaftari ya mizunguko miwili atawasikiliza kuliko anayeoneshwa picha ya mashine.

Na kiwanda? Ekstruda ile ya kilo 200 kwa saa inafanya kazi siku 300 za mwaka pale kunapokuwa na samaki wa kula tani 480 za chakula. Kwa uwiano wa 1.6 hao ni tani 300 za samaki, mara nane na zaidi ya mnachovuna leo. Mkiungana na vikundi vya jirani mkafika hapo, na wote wanalipa fedha taslimu, niandikieni tena na madaftari yenu, na safari hiyo tutazungumza soya mtaipata wapi na mtaihifadhi vipi tangu msimu wa mavuno.